Ukuta wa Shule ya Ikombola

Anayesifu ukuta auegemee.

Mmeisikia leo mkutanoni, yule mzee alipomkatiza diwani, watu wakacheka, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hapa hapa Ikombola, na siku ilipoanza hakuna aliyecheka hadi mwisho.

Wilaya yetu wakati ule ilikuwa kubwa mno. Kutoka makao makuu hadi kwetu gari lilitembea siku nzima, na mvua ikinyesha siku mbili. Mhandisi wa wilaya alikuwa mmoja tu, Bwana Kisanga, na shule zilizokuwa zikijengwa zilimzidi nguvu. Kwa hiyo alizikagua kwa picha. Fundi alipiga picha akazipeleka, Bwana Kisanga akazitazama mezani kwake, akagonga muhuri. Ramani ya jengo letu ilibaki kabatini huko huko. Kijijini hakuna aliyewahi kuiona, wala hatukujua kwamba tuna haki ya kuiomba.

Aliyeitamani shule ile kuliko wote ni jirani yangu Tumwitike. Binti yake Sekela alikuwa na miaka saba, na shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto usio na daraja. Tumwitike alibeba maji ya kufyatulia matofali akiwa na ujauzito wa mtoto wa pili. Tukimwambia apumzike, anasema, "Nitapumzika Sekela akijua kusoma. Atanisomea barua zenu za mapenzi."

Siku ya makabidhiano, watoto wa darasa la kwanza walipangwa mstari mlangoni, tayari kuingia. Ukuta ulikuwa mweupe, unang'aa. Bwana Kisanga, aliyekuwa akifika kwa mara ya kwanza, aliusifu mpaka tukajiona watu.

"Ukuta kama huu hata kule wilayani hatuna," alisema.

Sasa, ninyi hamkuikuta desturi yetu ya zamani. Fundi akimaliza nyumba huutupa mgongo wake ukutani mbele ya mwenye nyumba, kwa uzito wote. Ndipo watu huingia. Tumwitike aliikumbuka. Hakuwa na shaka yoyote, mnisikie. Alitaka tu mambo yakamilike kwa heshima.

"Fundi Ambele," aliita, "mbona hujaegemea?"

Fundi akatabasamu. "Hayo ni ya nyumba za udongo, dada. Hii ni ya serikali."

"Kwani serikali haina mgongo?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kisanga naye akacheka. "Mwacheni, amechoka. Ukuta nimeusifu mimi, nitauegemea mimi." Akavua kofia, akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume.

Fundi Ambele aliruka akamkamata koti. "Usiegemee, mheshimiwa."

Kicheko kilikatika. Bwana Kisanga aliutazama ule mkono kotini mwake. "Kwa nini nisiegemee?"

Fundi aliliachia koti, akarudi nyuma hatua moja.

Tumwitike ndiye aliyesema, taratibu, neno kwa neno. "Yeye umemzuia. Sekela ulikuwa unamwacha aingie."

Tuliwavuta watoto kwa mikono, kwa nguo, kwa chochote kilichoshikika. Kisha wanaume watatu wakausukuma ukuta kwa gogo. Haukungoja msukumo wa pili. Ulilala wote, paa likaufuata, na vumbi lilipotua tukaona: katikati ya matofali ni tope tupu. Simenti ilikuwa ngozi tu.

Bwana Kisanga aliketi chini na suti yake. "Niligonga muhuri," alisema. "Mkono wangu huu."

Tumwitike alikuwa amemkumbatia binti yake, hawezi kumwachia. "Utajenga tena, baba," alimwambia Bwana Kisanga. "Lakini safari hii ramani itakaa kwetu, na kila mstari wa matofali tutautazama wenyewe kabla haujafuatiwa na mwingine."

Ikawa hivyo. Sekela alichelewa mwaka mzima kuanza shule, na mama yake hakulalamika hata siku moja. Jengo lilipokamilika, Bwana Kisanga aliegemea wa kwanza, akafuata fundi mpya, kisha wazazi mmoja mmoja. Watoto waliingia mwisho.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu kuwasifia jengo, msigombane naye. Mpisheni nafasi, mwambieni kwa adabu: anayesifu ukuta auegemee.