Kifuu cha Wauza Chumvi

Hapo zamani, si zamani ya kuhesabika, palikuwa na wauza chumvi watatu waliogombea wateja hadi kushikana kanzu. Siku moja ugomvi ukaisha. Bei ikawa moja kwa wote, tena ya juu, na jibu likawa moja: "Ukitaka chukua, hutaki acha."

Mwanasiti alikuwa mkausha samaki. Chumvi ikamshinda kununua, samaki wakamwozea, naye akaona uchungu wa kweli. Akamwendea Kheri, mmoja wa wale watatu, amwuzie kwa nafuu, kwa siri. Kheri akakataa. Hapo ndipo alipokwenda kwa Liwali.

"Bwana, wale wamekula njama."

"Bei kufanana si ushahidi, mwanangu."

"Watu wetu wakipatana hupasua kifuu cha nazi, kila mtu akaweka kipande chake. Akikitupa, amevunja mapatano. Basi na hawa wanavyo vipande vyao. Ila waingiliwe wote kwa pamoja. Ukianza na mmoja, wenzake watachoma vyao."

Liwali akamwita Shebwana, mkuu wa askari. "Pekua maduka. Maduka tu, nyumba za watu zina stara." Akaahidi kwamba atakayeivunja njama atapewa shamba la chumvi la wakosaji.

Asubuhi askari wakaingia maduka yote matatu kwa mpigo. Wakapekua magunia, wakapekua makapu, wasione kitu. Shebwana akapandwa na hasira, akaingia hadi jikoni nyumbani kwa Mbarawa, mkubwa wa wale watatu, akatoka na kipande. Kheri, aliyeletwa pale na askari, alipokiona, akachomoa chake kiunoni bila kuulizwa. Vikashikana sawasawa. Wa tatu akakiri.

Mbele ya Liwali, Shebwana akasema, "Ningetii amri, tungerudi mikono mitupu."

"Na mimi ulinikuta kichwa wazi!" akalia mke wa Mbarawa.

Kheri akasema, "Bila kipande changu, kile cha jikoni kingekuwa kuni tu."

"Ulikitoa ulipoona askari," akasema Mwanasiti. "Faida ulikwisha kula. Mimi ndiye niliyesema wakati mji mzima umenyamaza."

"Ulisema baada ya kunyimwa, dada yangu. Ningekupa ile nafuu yako, ungesema?"

Mwanasiti akamgeukia Liwali. Shamba alilitaka kuliko wote, na jibu alilijua.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kaeni kwenye kiti cha Liwali. Mngempa nani shamba lile?