Kichaka Juu ya Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Pangoni, alikuwapo Sultani Hatimi, mtu msafi kupita kiasi. Siku moja ndege alimchafulia kilemba, naye kwa hekima yake kubwa akaamuru kichaka chote kilichozunguka jumba kikatwe, mizizi ing'olewe, na uwanja upigwe chokaa. Ndege wakahama, na nyuki, na vipepeo. Likabaki jua, wakabaki na mbu, kwani waliokuwa wakiwala walikuwa wamekwisha kufukuzwa.

Ikawa Sultani akachoka na ule ukimya. Tena alimngoja mgeni mkubwa, Sultani wa Kisiwani, ambaye alipenda kuamshwa na sauti za ndege. Basi akaitwa Badi, fukara mwenye maneno mengi, ambaye kibanda chake cha makuti ndicho pekee kilichosalia ukingoni mwa uwanja.

"Ewe Badi, nirudishie ndege. Wa tunduni siwataki, na uwanja wangu usiote hata jani. Masika yakiisha nao hawajarudi, kibanda chako kitavunjwa, nawe utauhama mji."

"Amri nyepesi hiyo, Bwana wangu. Nilidhani utataka na samaki waimbe."

Waziri akacheka, kisha akajitia kukohoa.

"Naomba jambo moja tu," Badi akaendelea. "Ule udongo wa kichaka uliorundikwa nyuma ya ukuta, niruhusu niutupe mahali ambapo hutaukanyaga wala kuuona."

"Utupe hata kuzimu!"

Kuzimu kulikuwa mbali, basi Badi akaupandisha juu ya jumba. Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, na Sultani hakuwa na desturi ya kutazama juu, kwa kuwa watu wote aliowajua walikuwa chini yake. Badi akautandaza kina cha kiganja, boriti zisije zikalemewa, kisha akaketi. Hakupanda kitu. Masika yakanyesha, na mbegu za kichaka zilizolala udongoni zikaamka: nyasi, mirihani ya mwitu, na afu, yule mtambaazi wa maua meupe yanukiayo. Maua yakawaita wadudu, wadudu wakawaita ndege. Vyumba vya chini vikapoa, Sultani akalala vizuri, akamsifu waziri kwa mapazia mapya.

Mgeni akaja. Alfajiri ndege wakaimba, jumba zima likajaa sauti. Sultani akatoka na mgeni mpaka uwanjani kwa majivuno, akafungua kinywa aeleze alivyowarudisha, na papo hapo kitu cheupe kikamdondokea kilembani.

Kwa mara ya kwanza akatazama juu. Matawi ya afu yalikuwa yakining'inia ukingoni mwa paa. Badi akaitwa mbio kutoka kibandani kwake.

"Badi! Nani aliyekuruhusu kuotesha kichaka juu ya jumba langu?"

"Bwana wangu, uliamuru uwanja usiote jani, nao haujaota. Udongo niliutupa usikouona. Kama si ndege huyu, hata leo usingeuona."

"Kila kilichomo humu, toka msingi mpaka mbinguni, ni changu! Wewe huna chako!"

Badi akainama. "Nakiri, Bwana wangu. Udongo ni wako, maua ni yako, ndege ni wako. Na hicho kilichomo kilembani, siwezi kukidai."

Mgeni alicheka hata akashika nguzo. Waziri safari hii kikohozi hakikumfaa. Sultani akawatazama, akajipangusa, na kicheko kikamshinda naye.

Basi kibanda kikaachwa, na baada ya siku chache ikatoka amri: kila paa bapa litandazwe udongo wa kichaka, kama Sultani alivyowaza mwenyewe. Watu wakamshukuru kwa hekima yake. Badi hakubisha, tusimlaumu, alikuwa mlangoni pake akisikiliza ndege.

Maneno yangu yametua hapa. Mwenye kilemba na atazame juu.