Maji ya Ngulwi

Mlinzi wa kisima cha jirani huomba maji. Mmeisikia barazani mkacheka, mkauliza tangu lini mwenye mkuki akaomba. Basi tulieni, kwani methali hii ilianza kwa msiba.

Vijiji vitano vya bondeni vilikula kiapo kwamba adui wa kimoja ni adui wa vyote. Wezi wa ng'ombe hawakukijali kiapo hicho. Walishuka kupitia mlima wa Ngulwi, ulio nje ya mipaka ya vijiji hivyo, wakapora na kurudi. Baraza la vijiji vyote likaamua kuwakabili hukohuko juu. Wangulwi nao walikuwa wamechoka kuporwa, wakakubali walinzi waje. Akatumwa Kiondo na vijana wake, akiwamo Mrutu, mdogo wake wa tumbo moja.

Kule Ngulwi mgeni hachoti maji. Husimama kando ya kisima mpaka mwenyeji amchotee kwa kibuyu chake. Kiondo aliijua desturi hiyo, ila aliiona ni ya wapita njia, si ya watu waliotumwa na vijiji vitano. Siku ya kwanza tu vijana wake wakatumbukiza mitungi. Bibi Nakijwa, mtunza kisima, akamwendea.

"Mwanangu, hapa maji huombwa."

"Mama, sisi tumekuja kuwalinda. Mlinzi naye aombe?"

Nakijwa akachukua kibuyu chake akaenda zake. Tangu hapo Wangulwi waliwasalimu walinzi, lakini hawakuwaambia neno jingine. Kiburi si maungwana. Kiondo alidhani ukimya ule ni heshima.

Wezi walikuja kwa njia ya wachungaji, ambayo mgeni hawezi kuijua. Wenyeji waliwaona. Baragumu lao la kuonya halikupigwa, na Mrutu akauawa palepale kisimani.

Vijana walitaka kuchota maji wamwoshe. Kiondo akawazuia. Aliweka mkuki chini, akasimama kando ya kisima, jua likampiga hadi Nakijwa alipofika.

"Naomba maji, mama. Ya kumwosha mdogo wangu."

Bibi akajaza kibuyu, akampa. "Tuliwaona wakija," akasema. "Tukasema, walinzi wana macho yao."

Akalia, na Kiondo akalia naye, maana kila mmoja alilijua fungu lake katika kifo kile.

Walinzi wakaanza kuomba maji kila asubuhi. Wezi waliporudi, baragumu lililia wakiwa bado mbali, wakageuka mikono mitupu. Kiondo alilisikia, na uchungu ukamrudia upya, kwani sauti ile ingemwokoa Mrutu.

Ndiyo maana hadi leo vijana wakitumwa ng'ambo ya mpaka, mama zao huwafungia chakula, huwakabidhi mikuki, kisha huwaambia: mlinzi wa kisima cha jirani huomba maji.