Shahidi wa Ubatizo

Wapo watu ambao wakitaka kitu kilichoko mvunguni, huagiza fimbo wakiwa wamesimama. Fundi cherehani huyu alikuwa mmoja wao. Simsengenyi, mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Kiburi tu ndicho kilichomzidi kimo.

Mchumba wake, muuguzi, alifanya kazi ng'ambo, na ndoa ingefungwa huko huko, katika parokia yake. Fundi akajishonea gauni, kisha akaandika orodha ya ndugu wa kusafiri naye. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, hakumwandika.

"Ataingia kanisani na ndala," alisema mbele ya kikao kizima. "Atatutia aibu."

Shangazi akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Ilipobaki miezi miwili, paroko wa ng'ambo akadai cheti kipya cha ubatizo. Bila hicho, hakuna ndoa. Fundi akakimbilia parokia alikobatizwa. Lo! Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kimelowa mvua, kurasa zimegandana kama tofali.

"Mlete aliyeshuhudia ubatizo wako, aape mbele ya paroko," alisema katibu. "Msimamizi wako alikuwa nani?"

"Shangazi," fundi akajibu.

Unadhani alikwenda? Thubutu! Alimtuma kaka yake na kitambaa cha bei. Kitambaa kikarudi vilevile kilivyofungwa, na ujumbe juu yake: "Aje kwa miguu yake."

"Ananikomoa!" fundi akafoka.

"Dada, unaomba au unaamuru?" kaka yake akamuuliza. Swali hilo lilimkosesha raha siku tatu.

Siku ya nne alimkuta shangazi akikunja nguo. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Shangazi, nimekukosea. Wewe ndiye mama niliyebaki naye, nami nikakuonea haya. Nisamehe, hata kama hutakwenda kuapa."

Shangazi akaendelea kukunja mpaka shati la mwisho. Kisha akafungua sanduku, akatoa kipande cha mshumaa wa ubatizo, pasi mpya ya kusafiria, na viatu.

"Mshumaa huu niliushika mimi, nawe ulilia hadi padri akakasirika. Pasi niliikata wiki uliyochumbiwa. Viatu vinanibana, basi nilikuwa navizoea humu ndani, nisije nikakuaibisha."

Fundi akalia kwa sauti, bila kujali majirani.

Kesho yake shangazi aliapa, cheti kikatolewa, na jina lake likaandikwa juu kabisa ya orodha.

Misa ya ndoa ilipokwisha kule ng'ambo, watu wakaitwa kupiga picha. Shangazi hakuinuka. Viatu vilikuwa vimemshinda. Alikuwa amevivua, vikateleza chini kabisa ya benchi. Bibi harusi akaona. Akakusanya gauni lake jeupe, akainama mbele ya wageni wote, akavivuta na kumvisha shangazi yake, kimoja baada ya kingine.

Hapo hakuhitaji kuhubiriwa na mtu: mtaka cha mvunguni sharti ainame.