Masikio Bandani

Hapo zamani, si zile za fisi kuongea na sungura bali zamani za karibu, simu zikiwa zimeshafika hadi shambani, paliishi mwanamke aitwaye Mama Mbonea katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Alifuga kuku wa mayai. Kuku wakitaga, binti yake Mbonea anabaki shule ya bweni. Kuku wakifa, Mbonea anarudi nyumbani. Hivyo Mama Mbonea aliwatazama kuku wake kuliko alivyojitazama yeye mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, mume, mama mkwe na shemeji asiyepata kazi wala asiyeitafuta. Katika mji ule mwanamke akitaka kulia haendi chumbani, chumbani kuna mtu. Haendi jikoni, jikoni kuna mtu. Huchukua kikapu cha mayai akaingia bandani. Kuku hawaulizi. Akina mama wote wa kikundi cha wafugaji walifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kulisema, kama vile hakuna mtu anayetangaza kwamba anapumua.

Basi wakaja wageni watatu kutoka jijini. Wa kwanza alikuwa Daktari Mjema, daktari wa mifugo aliyegeuka mtafiti. Wa pili alikuwa Kirumbe, mwandishi wa programu za kompyuta, kijana mwembamba asiyecheka ovyo. Wa tatu alikuwa Nakundwa, naye mwandishi wa programu, binti wa kucheka hata na mbuzi. Walileta vidude vya ukubwa wa kiberiti. Kidude kinaning'inizwa bandani, kinasikiliza kuku wanavyokohoa na kukoroma, halafu kinatoa taarifa mapema, kabla mdondo, ule ugonjwa wa kuua kuku, haujafyeka banda zima. Watu wakaviita masikio.

Kikundi kikakutana. Mama Mbonea akauliza, "Sikio likisikia kuku, si litatusikia na sisi?"

Daktari Mjema akasimama. "Halitawasikia, mama. Ndani yake kuna chujio. Sauti ya mtu ikiingia inatupwa papo hapo. Na hata ikipenya kwa bahati mbaya, hakuna binadamu atakayeisikiliza."

"Karatasi za kusaini tumeshazichoka. Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, kwa niaba yangu na ya vijana hawa."

Wakakubali.

Siku zile za kufunga masikio, wageni walikula kwa Mama Mbonea. Walikula makande, wakabishana.

"Lugha ya kuandikia programu ni C," Kirumbe alisema. "Ile Python yako ni uji wa mgonjwa. Unaandika mistari mitatu, mashine inahema kama imepandishwa mlima wa Usangi kwa miguu."

"Na C yako ni mama mkwe," Nakundwa alijibu. "Ukikosea haikwambii. Inanyamaza, inakusubiri uumbuke mbele ya wageni."

"Inafanya ulichoiambia. Basi."

"Ndio ubaya wake huo. Haiulizi ulichomaanisha."

Mama mkwe wa kweli alikuwa pale pale kwenye kigoda. Akauliza, "Wananisema mimi?"

"Hapana, mama," Mama Mbonea akasema. "Hawa wanagombana kama Walutheri na Wasabato, na makande ni yale yale." Akamgeukia Kirumbe. "Na kuku mtaongea nao kwa lugha ipi?"

"Hatuongei nao, mama. Tunawasikiliza tu."

"Basi mmewazidi waume zetu."

Kazi iligawanywa hivi. Kirumbe aliandika programu ya ndani ya sikio, pamoja na chujio. Nakundwa aliandika programu ya kompyuta kubwa, iliyojifunza kutofautisha kuku mzima na mgonjwa. Mkubwa wao huko jijini, mtu aliyekiita kila kitu mapinduzi na ambaye hakuwahi kushika kuku aliye hai, alitaka masikio yaanze kazi kabla wafadhili hawajafika kutembezwa.

"Chujio halijaiva," Kirumbe alimwambia kwenye simu.

"Toa hivyo hivyo. Utarekebisha mbele ya safari."

Kirumbe akalijaribu kadiri alivyoweza. Akaongea mbele ya sikio, likatupa. Akaimba, likatupa. Akapiga kelele, likatupa. Akaridhika. Hakunong'ona. Nani anamnong'oneza kuku?

Sasa sikilizeni. Mama Mbonea alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliugundua akioga, akanyamaza, nao ukakua. Mtu pekee aliyemwambia ni mdogo wake, Nanzia, na alimwambia bandani, wakiokota mayai jioni.

"Dada, twende hospitali," Nanzia alinong'ona.

"Mbonea yuko kidato cha nne. Akisikia naumwa ataacha shule aje kunifulia. Namjua. Amalize mtihani kwanza."

"Na usipofika huo mtihani?"

"Niapie hutasema."

Nanzia akaapa, akalia, kuku wakawa wanadonoa vidole vyake. Ikawa hivyo kila jioni. Mdogo anaomba, dada anakataa, mdogo anaapa tena.

Mnong'ono ni pumzi tupu, hauna mlio wa koo. Chujio la Kirumbe halikuujua. Likaupitisha. Na kompyuta ya Nakundwa ilipousikia ikadhani ni kuku anayekoroma kwa mafua. Kila jioni ikapiga kelele: banda la Mama Mbonea lina ugonjwa.

Daktari Mjema akaja, akapima kuku, akaona wazima. Akaja tena, wazima. Lakini utaratibu wa utafiti ulisema banda linalotajwa mfululizo hivyo lichinjwe lote, lisije likaambukiza mengine.

"Wachinjwe hawa?" Mama Mbonea aliuliza. "Hawa wanaotaga?"

"Nisubiri kidogo, mama," Nakundwa akasema, na safari hii hakucheka. Alijua mashine yake inaweza kuwa inaropoka, na njia ya kujua ilikuwa moja tu. Akavaa visikilizio. Akasikiliza kilichotoka bandani. Alitegemea kuku. Akasikia watu.

Akamkimbilia Daktari, akamweleza.

"Umevunja kiapo changu," Daktari alisema.

"Nimeokoa kuku wake. Na sasa kuna yeye mwenyewe."

"Sikiliza, binti. Leo tumesikia uvimbe, tukasema. Kesho tutasikia nani katoka nje ya ndoa, nani kamficha mkwewe fedha. Tutasema na hayo? Nafuta kila kitu, na Jumapili nitasimama mbele ya kikundi niseme tulivyofanya. Hapo kila mama ataamua mwenyewe la kufanya na siri yake."

"Uvimbe haungoji Jumapili."

"Umengoja miezi."

Nakundwa hakungoja. Alimkuta Mama Mbonea anasonga ugali.

"Mama, nenda hospitali. Nakuomba."

Mwiko ukasimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya uvimbe."

"Nanzia kakwambia."

"Hapana. Nimekusikia bandani."

Mama Mbonea alimtazama binti yule aliyekula makande yake. Alihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu watu wakiwa wamekusanyika uani. "Toka," akasema. "Toka kabla sijakupaka ugali huu usoni."

Nakundwa akatoka. Mama Mbonea akamaliza kusonga, akapakua, akawapa watu wakala. Kisha akavaa viatu. Nanzia alimkuta barabarani.

"Unaenda wapi, dada?"

"Hospitali. Nilikuwa nailinda siri. Sasa nailinda nini?"

Walimkata titi. Mganga mkuu wa pale akamwambia waziwazi kwamba angengoja mtihani uishe, wangemfungia dawa za maumivu tu na kumrudisha kwao. Na lile aliloliogopa likatokea vile vile. Mbonea alisikia, akatoka shuleni, akaja kumfulia na kumwogesha. Mtihani ukafanywa na wenzake, yeye yuko wodini anamlisha mama yake uji. Mama Mbonea aliumia kwa hilo kuliko kwa kisu, na hakujua amlaumu nani, maana yeye mwenyewe aliyetaka kulaumu alikuwa hai.

Jumapili ile aliyoitaja, Daktari Mjema alisimama mbele ya kikundi, japo mkubwa wake alimwonya kwenye simu kwamba kuku hawashtaki na kwamba akisema atafukuzwa. Akasema. Tulipitisha sauti zenu. Tumemsikiliza mmoja wenu. Zote nimezifuta. Akafukuzwa, na utafiti ukafungwa.

Banda la mkutano likachemka. "Mimi nilimtukana mama mkwe humo!" alisema mmoja. "Mimi nilisali humo," alisema mwingine, na huyo ndiye aliyekasirika zaidi. Masikio yakang'olewa yote siku ile ile.

Ingeishia hapo. Lakini kiangazi kilipoingia, mdondo ukatua mji wa jirani. Watu kule walilala na kuku, wakaamka na manyoya. Akina mama wakatazamana. Masikio walikuwa wanayachukia, na masikio walikuwa wanayahitaji.

Kikundi kile kina desturi. Mgeni akipewa jogoo, milango yote ya wanakikundi iko wazi kwake, anaingia hata mwenyewe asipokuwepo. Asiyepewa habishi hodi. Na jogoo hapewi watu wawili. Wakaamua, tutamrudisha mmoja tu, masikio yarudi kwa namna yake yeye, na wa kuchagua ni Mama Mbonea, maana mwili uliosikilizwa ni wake.

Wageni wote watatu wakaitwa, wakaja.

Kirumbe akasema, "Kosa ni langu. Nililiona chujio halijaiva nikalitoa. Sitamsingizia mkubwa, mkono ulioandika ni huu. Lakini anayejua tundu liko wapi ni aliyelitoboa, na nimeshaliziba. Sasa hata mkinong'ona linatupa. Nipeni mimi, hamtasikika tena kamwe."

"Lingekuwa limezibwa mwanzoni, dada yangu angekuwa kaburini," Nanzia akamjibu. Kirumbe akainama.

Nakundwa akasema, "Nilisikiliza nilichokatazwa. Sitasema najuta, nitakuwa nadanganya. Nipeni mimi, masikio yangu yatabaki na ufa mdogo. Nikisikia mtu anakufa, nitabisha hodi. Mengine nitayameza."

"Utayameza?" akauliza yule mama wa kusali. "Na sisi tutakuwa tunakutazama usoni sokoni?"

Daktari Mjema akasema, "Niliapa kwa kaburi la mama yangu nikashindwa kulinda. Lakini niliposhindwa nilikuja kuwaambia, na nimepoteza kazi kwa hilo. Nipeni mimi, na siku nitakaposhindwa tena mtajua siku hiyo hiyo, kutoka mdomoni mwangu."

"Ungetuambia Jumapili," Mama Mbonea alimwambia. "Nami ningekaa kimya katikati ya wenzangu, nikarudi nyumbani, nikaendelea kungoja mtihani. Najijua."

"Inawezekana, mama," Daktari akakubali. "Ila ungekuwa umechagua wewe."

Hapo Nanzia akasimama. Hakuna aliyemwita. "Na mimi namtaka jogoo," akasema. "Asirudi yeyote. Hawa wote waliapa wakavunja. Mimi niliapa nikatunza, na nilitunza huku namwona dada yangu anakwisha. Mnadhani ni rahisi? Mkinipa mimi, banda linabaki letu, na mdondo ukija tutapambana nao kama mama zetu."

"Mama zetu walikufiwa na kuku," mtu akasema nyuma.

"Walikufiwa. Lakini walikuwa na mahali pa kulia."

Mama Mbonea alikuwa ameshika jogoo, miguu ya jogoo imefungwa kwa kamba ya katani, kichwa kikihangaika upande ambao titi halipo. Mbele yake kulikuwa na aliyetoboa tundu bila kujua lilipo. Kulikuwa na aliyechungulia kwenye tundu akabisha hodi. Kulikuwa na aliyelitangaza kwa ukweli, kwa kuchelewa. Na kulikuwa na aliyemtunzia siri hadi ukingoni mwa kaburi. Mbonea alikuwa mlangoni, na madaftari ya kurudia mtihani kwapani, anamtazama.

Kikundi kikangoja. Upepo wa kiangazi ukawa unavuma kutoka upande wa mji wenye mdondo.

Mimi nimewafikisha hapa, na zaidi ya hapa sina. Nyinyi mliosikia kila mmoja akisema lake, mngekuwa na mikono ile, jogoo mngemkabidhi nani? Je, nani kati yao alistahili kufunguliwa mlango?