Injini Iliyoimba Uwandani

Injini huimba kabla ya kunoki. Jana mlimsikia shangazi yenu akisema hivyo, binamu yenu Benaya alipokuwa akimsifu mnunuzi mpya wa viazi vyake anayekubali kila neno bila kubisha. Mlicheka, kisha mkaniuliza injini imeingiaje katika mambo ya viazi. Basi sikilizeni ilikotoka, maana methali hii ilizaliwa nyumbani kwetu.

Mdogo wangu Lutengano alinunua pikipiki ya magurudumu manne kule chini, kwenye uwanda wa Usangu. Ilikuwa ya injini ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Kule ilikimbia vizuri, lakini alipoifikisha huku kwetu milimani Makete ikawa mgonjwa. Ilitoa moshi mzito, ikakohoa, na kila kilima kikianza ikazimika. Majirani wakasema imerogwa na aliyemuuzia.

Akaipeleka kwa Fundi Sekela, mama aliyekuwa na karakana karibu na soko. Sekela alifungua plagi akaikuta nyeusi, imelowa. Akasema mashine haijarogwa, imevimbiwa. Hewa ya huku juu ni nyepesi, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulisoma baadaye katika masomo ya jioni, kwa hiyo petroli nayo lazima ipunguzwe. Ndani ya kabureta mna kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kiitwacho jeti, na petroli hupita humo. Akatoa jeti ya tundu kubwa, akaweka ya tundu dogo. Akaijaribu mlimani na kufungua plagi tena na tena, mpaka akaikuta ina rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba petroli na hewa vimelingana.

Ile jeti kubwa aliifunga kwenye kitambaa, akampa Lutengano pamoja na bisibisi. Akamfundisha kuibadilisha, na akamwonya: siku atakayoshuka Usangu, airudishe kabla ya kuingia uwandani. Kule hewa ni nzito, na petroli ya tundu dogo haitoshi. Petroli ikiwa kidogo, oili nayo huwa kidogo, kwa kuwa husafiri pamoja. Chuma hukauka kwa ndani, kikashikana, na injini ikanoki.

Wakati huo mama yetu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Zikatufikia habari kwamba madaktari wa macho wako hospitali ya kule chini, na kesho yake ndiyo siku yao ya mwisho. Alfajiri Lutengano akampakia mama nyuma yake, akamfunga kwa kitenge, wakashuka. Ukungu uliwachelewesha sana kwenye kona. Walipofika chini jua lilikuwa limepanda, na Lutengano akaona hakuna nafasi ya kusimama kufungua kabureta.

Hasa kwa sababu mashine ilikuwa imechangamka. Haikuwahi kukimbia vile. Mlio wake ulikuwa mwembamba na mkali kama filimbi, na yeye akauitikia kwa nyimbo za kwaya. Mama akamgonga mgongoni.

"Mwanangu, simama."

"Mama, tumechelewa. Huisikii inavyoimba?"

"Naisikia. Ndiyo maana nasema simama."

"Siku hizi na wewe ni fundi?"

"Mimi ni kipofu, Lutengano. Kazi yangu ni kusikiliza. Na nilipokuwa naona, nilikuwa na koroboi. Mafuta yakikaribia kwisha iliruka ikawaka kuliko jioni nzima, halafu giza. Hii mashine yako imeanza kuruka. Sekela alikupa nini kwenye kitambaa?"

Akasimama, kwa kununa. Alipogusa injini akarudisha mkono haraka. Ilipopoa kidogo akafungua plagi, akaikuta nyeupe kama majivu ya jikoni. Ndipo nyimbo zikamwisha. Akafunga petroli, akafungua kabureta pale pale barabarani na kurudisha jeti kubwa. Walipoondoka mlio ulikuwa mnene, wa kawaida, wala haukumsisimua mtu. Lakini uliwafikisha. Mama alikuwa mgonjwa wa mwisho kuandikishwa.

Bandeji zilipotolewa, alimtazama Lutengano muda mrefu, akamwambia amezeeka. Kisha akaomba aonyeshwe plagi. Lutengano akaifungua na kuiweka kiganjani mwake. Mama akaigeuza mwangani, akatabasamu. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Waliporudi, kituo cha kwanza kilikuwa karakana, si nyumbani. Mama alimshika Sekela mikono yote miwili, akamshukuru kwa kile kitambaa. Sekela akasema shukrani ni kwa masikio ya mama, kwani madereva wengi hufurahia wimbo huo mpaka mwisho wake. "Injini huimba kabla ya kunoki," akasema.

Mama akalichukua neno hilo shambani, kanisani na kwenye posa za binti zake. Kila mavuno, mpaka alipofariki, gunia la kwanza la viazi lilikwenda kwa Sekela, na mama alilichagua kwa macho yake mwenyewe.

Kwa hiyo shangazi yenu hakumtukana mnunuzi wa Benaya. Alimwomba Benaya tu asimame kidogo, afungue plagi, aone rangi. Injini huimba kabla ya kunoki.