Makovu ya Luzia

Tulieni, na anayetafuna ateme, maana ninachowapa leo hakilainiki mdomoni.

Katika kambi ya wakata mkonge waliohamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mama mmoja alijifungua mapacha watatu, wasichana waliofanana hata baba yao akawa anawachanganya. Luzia alikuwa na kichwa cha hesabu. Celeste alikuwa na ulimi wa kumlainisha hata nyapara. Adelina, huyo ninayetaka mkae naye karibu, alikuwa na masikio: alichosikia mara moja hakikumtoka.

Shule ya shamba ilikuwa na sheria kwa wakuja: nyumba moja, mtoto mmoja. Wenyeji walisomesha wote. Mama akamwandikisha Luzia, kisha akawapeleka wote watatu kwa zamu, sare moja, jina moja. Aliyetoka darasani aliwafundisha wenzake jioni. Waliobaki walishinda mkongeni na baba.

Mwaka wa mwisho, wakati wa likizo, mwiba wa mkonge ulimpasua Adelina shavu, kuanzia chini ya jicho hadi kidevuni. Damu haijakauka, mama akachemsha wembe, ili nyuso za wale wawili zifanane na yake.

"Mama, mimi naacha shule," Adelina alisema. "Usiwaguse wenzangu."

"Ukiacha, sayansi ataifanya nani? Washike mikono."

Akawashika. Celeste alipiga kelele. Luzia tangu siku hiyo hakumwita tena Adelina dada. Vidonda vikapona pamoja, na Adelina kila alipowatazama ndugu zake aliona kosa lake usoni mwao. Halikuwa kosa lake, lakini nani angemwambia?

Mtihani ukafika. Luzia aliingia siku ya hesabu, akatoka na alama ambazo shule ile haikuwahi kuziona. Siku ya sayansi aliingia Adelina, akajibu hata yaliyofundishwa siku alizokuwa mkongeni. Chuo cha uuguzi kikamwita Luzia kwenye usaili, akaenda Celeste.

"Na hilo kovu?" wakamuuliza.

"Mkonge, mama. Nataka kuwauguza wanaokatwa kama mimi."

Wakampa nafasi. Moja.

Leo gari la kumpeleka chuoni limesimama nje.

"Jina ni langu," Luzia anasema.

"Na sauti wanayoijua ni yangu," Celeste anadakia. "Ukifungua mdomo tu, umetuumbua."

Adelina anashindwa kujizuia. "Bila sayansi yangu wasingemwita mtu yeyote."

"Wewe?" Luzia anamgeukia. "Nyuso umeshatuharibia. Na chuo unakitaka?"

Anakitaka. Na anaona aibu kukitaka.

Mama amesimama mlangoni na ufunguo. "Atoke mmoja. Huko ni bweni, zamu haiwezekani tena. Wawili chini ya kitanda. Watu wakiuliza, nyinyi hamkuzaliwa."

Dereva anapiga honi. Mama anawatazama watatu, hajui wa kumshika.

Basi wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa pale, njoo uuchukue huo ufunguo. Ungemtoa nani? Mwenye jina, mwenye ulimi, au aliyeumia wa kwanza? Na ukishamtoa, inama chini ya kitanda, uwaambie wale wawili kwa nini.